Siku ya kumi na nane Nakivale, na bado sijapewa jembe

SWALI: Mama, salamu nyingi. Mimi ni kijana wa miaka 23, kwetu Arua. Nimejiunga na mpango wa kujitolea wa mwaka mmoja. Tunakaa vijana wanane nyumba moja hapa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, upande wa Base Camp. Leo ni siku ya kumi na nane. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini mimi hata panga sijaonyeshwa. Kila siku tunaambiwa tutembee, tusalimie watu, jioni turudi. Nina diploma ya ustawi wa jamii, nilikuja kufanya kazi. Humu ndani wawili hawasemeshani kwa sababu ya makaa, na mwingine anaongea na simu hadi saa nane usiku. Chakula kinanikataa. Watu wananiomba pesa, na wengine wakiniona na daftari wanafunga mlango. Bombani kuna mama mmoja Mkongo ananicheka kila asubuhi, sijui nimemkosea nini. Usiku nalala nikihesabu nauli ya kurudi Arua. Je, nilikosea kuja? Nifanye nini mpaka nizoee?

JIBU: Mwanangu, salamu nimezipokea. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonishika ni hiyo nauli unayoihesabu usiku. Nimepokea vijana wa kujitolea katika makazi ya wakimbizi ya magharibi kwa miaka kumi na minne, na kabla ya hapo nilikuwa mmoja wao. Karibu wote waliihesabu nauli, waliobaki na walioondoka. Kwa hiyo usiichukue kama ushahidi kwamba ulikosea njia. Ila barua yako imebeba mizigo miwili kwenye kamba moja: kungoja kazi, na kuishi na watu saba ambao hukuwachagua. Wa kwanza utakuwa mwepesi ukishaelewa unachongojea. Wa pili hauwi mwepesi wenyewe hata ukae mwaka mzima. Lazima muushughulikie, na wiki hii.

Tuanze na jembe. Methali yako ni ya kweli, lakini tazama anayelitoa ni nani. Ni mwenye shamba. Shirika lililokuleta halina shamba Nakivale. Wenye shamba ni hao unaotumwa kuwasalimia, na bado hawajui mkono wako unashikaje mpini.

Kumbuka pia umefika mahali pa namna gani. Nakivale inapokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Wanyarwanda walitangulia, na miaka iliyofuata wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine. Mtu mzima wa hapo ameshaona vijana wengi wenye fulana za mashirika wakija na kuaga. Na daftari lako lina historia ambayo hukuijua ulipolinunua. Mwaka 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilipunguza mgao wa wakimbizi Uganda kwa asilimia 30 kwa sababu fedha zilipungua. Mwaka 2021 likapunguza tena. Mwaka 2023 familia zikaanza kupangwa kwa makundi kulingana na uhitaji. Zipo zilizopata kidogo kuliko jirani, na zipo zilizotolewa kabisa. Wengi mpaka leo hawaelewi kwa nini jina lao liliangukia kundi hili na la jirani lile. Machoni pao fomu na chungu ni ndugu: fomu ikipita, chungu hupungua. Sasa wewe unapiga hodi, kalamu mkononi, unauliza wako wangapi humu ndani. Mlango ukifungwa, aliyefungiwa ni daftari. Liache nyumbani hadi mwisho wa mwezi. Kichwa chako kinatosha mchana, na jioni unaweza kuandika ukiwa kitandani.

Nikueleze kilichonipata mimi, maana hapo ndipo nilipojifunza ninachotaka kukwambia. Nilipelekwa makazi mengine, si Nakivale. Nilikuwa na haraka kama yako na cheti kama chako. Wiki ya kwanza tu niliitisha mkutano kuhusu vyoo. Walikuja watu zaidi ya arobaini. Nikaonyesha mahali pazuri pa kuchimba shimo: mbali na maji, udongo mgumu, karibu na njia. Wakakubali wote, wakanipigia makofi. Mwezi ukaisha bila jembe hata moja kugusa ardhi ile. Nikawaona wavivu, na niliandika hivyo kwenye ripoti yangu, jambo linaloniuma hadi leo. Baada ya miezi mitatu mama mmoja niliyekuwa nikimsaidia kupukuchua mahindi akaniambia taratibu kwamba pale nilipoonyesha, familia fulani ilimzika mtoto wao mwaka walipofika. Watu wote arobaini walilijua hilo. Hakuna aliyenisahihisha mbele ya mkutano, kwa kuwa mgeni hasahihishwi. Mgeni anapewa kiti, anapewa makofi, anaachwa aende zake.

Tangu siku ile kipimo changu cha kijana aliyetulia ni kimoja: wenyeji wameshaanza kumkosoa? Wakimwambia shati lako chafu, salamu yako mbaya, umechelewa msibani, umekata mchicha wangu vibaya, basi amepokelewa. Wakimsifu tu, bado yuko barazani. Kwa hiyo mama wa bombani anayekucheka, mwanangu, huenda ndiye mtu wa kwanza Nakivale aliyekutendea kama mtu wa hapo. Nitarudi kwake.

Hizo safari za kusalimia sizo za kukupotezea muda, ila zinaweza kupotea ukizifanya vibaya, na nadhani sehemu ya tatizo ni saa mnazotoka. Watu wa Nakivale wanalima. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kutembea, na familia nyingi zina kipande cha ardhi au zinalima kwa mwenyeji kwa vibarua. Ukipita saa tatu asubuhi utawakuta watoto, wagonjwa na mbwa. Toka saa kumi jioni, jua likishalegea. Watu wamerudi, wanachambua maharage, wanasuka nywele, wanatengeneza baiskeli. Usisimame mlangoni kama mtoza kodi. Kaa chini, chukua maharage, chambua. Mikono ikiwa na kazi, ukimya hauwi aibu, na wewe Mlugbara unaujua ukimya wa baraza kuliko vijana wa mjini.

Vijana wangu nilikuwa nawapa kazi moja tu ya mwezi wa kwanza, nami nakupa wewe. Mwisho wa wiki ya nne uwe na majina thelathini kichwani, na kwa kila jina jambo moja ambalo halina shida ndani yake. Nani ana cherehani. Nani alikuwa mwalimu huko Masisi, Kongo. Nani anaokoa baiskeli iliyokufa. Nani akiimba kanisani watu hunyamaza. Nasisitiza hilo la kutokuwa na shida, kwa sababu diploma yetu inatufundisha kuona upungufu: hana choo, hana viatu, hana mume. Ukimjua mtu kwa upungufu wake, naye atakujua kwa pochi yako. Na siku kazi yenyewe itakapoanza, utashangaa mafundi uliokuwa unawatafuta uko nao tayari.

Msibani nenda, hata kama humjui marehemu. Beba kuni, kaa na wanaume, usiongee sana. Hakuna mkutano utakaokupa kinachotolewa na usiku mmoja wa matanga.

Kuhusu ofisi nitapita haraka. Hakikisha kiongozi wenu ameshawapeleka kwa kamanda wa makazi, aliye chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na kwamba barua ya ruhusa ina majina yenu wote wanane. Kisha mwenyekiti wa RWC wa eneo lenu, yaani baraza la wakimbizi wenyewe. Kisha, na hapa vijana wengi husahau, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, wa kijiji cha wenyeji kilicho jirani. Wanyankore wanaopakana na makazi wameishi na wageni kizazi baada ya kizazi, na utaratibu wa nchi unataka sehemu ya huduma, kwa kawaida asilimia 30, iwafikie na wao. Ukiwaruka kwenye salamu wanaona, na wataikumbuka siku utakapohitaji muhuri wao.

Lugha yako ni mtaji, lakini ishike kwa adabu. Kiswahili cha Arua na kile cha Kivu, mashariki mwa Kongo, ni ndugu wa baba mmoja, mama mbalimbali. Utasikia batu badala ya watu, aksanti badala ya asante, na posho, yaani ugali, kwao ni bugali. Usimsahihishe mtu hata mara moja, na usijitie kuiga lafudhi yao kabla hawajakuzoea. Itasikika kama dhihaka. Jambo zito zaidi liko kwa wenyeji wazee wa Isingiro. Mwaka 1973 serikali ya Amin ilitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na kwa wengi wa rika lile hii ni lugha ya kizuizi cha barabarani na bunduki. Mwaka 1979 majeshi ya Tanzania yaliyokuja kumwondoa Amin yalipita kusini huku yakielekea Mbarara, nayo yaliongea Kiswahili. Mzee mmoja anaweza kuwa na kumbukumbu zote mbili, na wewe hujui ataamka na ipi. Anza naye kwa Kinyankore, hata kama ni maneno mawili. Asubuhi mwambie oraire ota, yaani umelalaje. Wewe ukiulizwa, jibu ndaire gye. Mchana agandi inatosha, jibu lake ni marungi. Ukiishiwa, Kiswahili kitapokelewa vizuri kwa sababu ulibisha hodi kwanza. Kwa Warundi, amahoro itakufungulia njia.

Sasa pesa. Wanakuomba kwa sababu kuomba hakuna hasara, na kwa sababu baadhi yao wana njaa ya kweli. Yote mawili yawe moyoni mwako kwa pamoja. Ushauri wangu ni mkali: mwezi wa kwanza usitoe pesa taslimu mfukoni kwako kwa mtu yeyote. Ukimpa mmoja elfu mbili, kesho hukutani na majirani, unakutana na foleni, na posho yako ya kujikimu haitafika hata Ijumaa. Lakini usiseme "sina", kwa kuwa wanajua unayo, umeshika simu. Sema kweli: "Hilo siwezi, mama, ila nijulishe lilivyo." Kisha sikiliza mpaka mwisho. Kama ni mtoto mgonjwa, mpeleke kwa mhudumu wa afya wa kijiji, VHT, na umsindikize kwa miguu yako mwenyewe. Kama ni jina lililotolewa kwenye mgao, kuna meza ya malalamiko; ulizia kwa kiongozi wenu iko wapi na inafunguliwa siku gani, usije ukamtuma mtu kwenye mlango uliofungwa. Kama ni mtoto anayepigwa au kunyanyaswa, namba ya bure ya Sauti ni 116 nchi nzima, na siku hiyo hiyo umwambie kiongozi wako. Hilo halingoji wiki ya nne. Kumsindikiza mtu ni msaada mkubwa. Wengi wamekuja pale kutoka mbali na hakuna mtu aliyetembea nao hatua mia moja.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu waliorudi kwao mapema katika vijana wangu, wengi hawakushindwa na wakimbizi, wala jua, wala maharage. Walishindwa na nyumba.

Watu wanane, sigiri moja au mbili, bafu moja, na hakuna aliye mama wa mwenzake. Kila mmoja amekuja na sheria za kwao kichwani, na anaamini ndizo sheria za dunia. Kwa mmoja sufuria huoshwa usiku, kwa mwingine asubuhi. Mmoja akila anaacha kidogo kwa atakayechelewa. Mwingine kwao ukichelewa umelala njaa na hakuna kosa. Hakuna mbaya kati yao. Ubaya unaingia pale sheria zinapobaki vichwani.

Hao wawili wasiosemeshana, nina hakika makaa ndiyo yaliyoshikwa tu kwa kuwa yalikuwa karibu. Mara nyingi chini ya makaa pana jambo la heshima: nani anapika kila siku bila kushukuriwa, nani alijibiwa kama mtoto mbele ya wengine. Wewe usijifanye hakimu. Wiki ya tatu huna mamlaka hayo, na ukiamua kwa haki kabisa utapata maadui wawili badala ya mmoja. Mwombe kiongozi wenu awaite pamoja, na ninyi sita mtoke nje. Kinachokuhusu wewe ni kuondoa kisababishi, na hilo ni jambo la hesabu tu.

Nunueni gunia la makaa pamoja mwanzoni mwa mwezi, kila mtu atoe sawa, hata yule anayedai hali chakula nyumbani mchana. Pikeni chungu kimoja. Watu wanane wakipika vyungu vitatu wanachoma makaa ya familia tatu na kujenga kambi tatu za siasa. Lowekeni maharage usiku. Yataiva mapema na gunia litafika mwisho wa mwezi. Kama nyumba ina Waislamu na Wakristo, kubalianeni mapema juu ya sufuria ya nyama na nyama inanunuliwa kwa nani, kabla mtu hajaumia.

Maji vilevile. Kipimo cha mashirika yanayohudumia wakimbizi ni lita 20 kwa mtu kwa siku, yaani jerikeni moja kubwa. Nyumba yenu inahitaji nane. Hesabu mmoja mmoja nani anayezileta, na nadhani utagundua ni watu watatu, wawili kati yao wasichana. Andikeni zamu ya maji, ya kupika, ya bafu na ya kufunga mlango usiku, mzitundike ukutani kwa maandishi makubwa. Wavulana wapike. Nimeona vijana wa kwetu West Nile, na wa Ankole pia, wakisema hawajui kupika; posho inafundishika kwa siku mbili.

Anayeongea na simu hadi saa nane usiku usimkemee usiku kupitia ukutani. Mtafute mchana, peke yake, nje ya nyumba, umuulize habari za kwao. Mtu wa kuongea usiku mzima mara nyingi naye anahesabu nauli, ila yeye anaihesabu kwa sauti. Baada ya hapo mwombe: kuanzia saa nne simu iwe uani. Ukianza na ombi atakusikia kama askari. Ukianza na habari za kwao atakusikia kama ndugu.

Na muwe na kikao kila Jumapili jioni, nusu saa, mkiwa mmeshiba. Chakula kwanza, maneno baadaye. Kila mtu aseme jambo moja lililomkwaza na jambo moja analomshukuru mwenzake, kwa jina. Wiki ya kwanza mtaona haya, wiki ya pili mtabishana, wiki ya tatu mtaanza kusema kweli. Nimeona nyumba zilizofika mwaka mzima bila mkutano mkubwa hata mmoja wa usuluhishi, kwa sababu ya nusu saa hiyo.

Ila usifanye nyumba kuwa dunia yako yote. Pata rafiki mmoja nje yake, mkimbizi au mwenyeji, ambaye hajui lolote kuhusu makaa. Fundi wa baiskeli, kijana wa kwaya, mzee wa msikitini. Siku nyumba itakapochemka utakuwa na baraza la kukaa.

Kuhusu mwili. Isingiro ni nchi ya ndizi, na huko kwenu umekulia enyasa, ugali wa kwenu, na angara, samaki mkavu. Tumbo linanuna kama mtoto aliyehamishwa shule. Lipe wiki kadhaa, kula kidogo mara nyingi, na usijilazimishe sinia zima la matoke ili uonekane umezoea. Waambie wa nyumbani wakutumie samaki mkavu kwa basi. Kipande kimoja kwenye mboga ya nyumba nzima kitakupa heshima kuliko hotuba. Kikomando cha barabarani, chapati na maharage, kinasaidia siku mbaya, lakini usikifanye chakula cha kila siku na kuwaacha wenzako na chungu. Maji ya kunywa yachemshwe, hata kama yametoka bombani, kwa sababu jerikeni nayo hupata uchafu wake njiani. Ukipata kuharisha, kunywa maji yenye chumvichumvi za pakiti, na ukiona damu nenda kituo cha afya.

Malaria ndiyo inayoniogopesha kuliko yote. Lala ndani ya chandarua kila usiku, hata usiku wa joto. Ukisikia homa, ndani ya saa 24 uwe umepimwa damu kituoni. Usinunue dawa dukani kwa kubahatisha, na ukipewa dozi uimalize hata kama siku ya pili unajisikia mzima. Nilishamkimbiza kijana Mbarara usiku wa manane kwa sababu alinyamaza siku nne, hakutaka aonekane dhaifu mbele ya wenzake. Alipona, lakini njia nzima nilikuwa nimemshika kichwa na kumwomba Mungu. Usinifanyie mama yako hivyo.

Na mama yako mzazi pia. Usimpigie kila unapoumia, kwa maana wewe ukishasema unalala, naye anakesha. Chagua siku mbili za wiki, saa ileile, na siku hizo mweleze vyote, vizuri na vibaya. Wiki ya tatu hadi ya sita ndiyo bonde lenyewe: ugeni umeisha, uzoefu haujafika. Ukiwa bondeni usifanye uamuzi wa nauli. Weka tarehe, tuseme mwisho wa wiki ya nane, ndipo ukae uamue kubaki au kuondoka. Kabla ya hapo wazo likija usiku liambie tarehe yake bado.

Lakini sitaki uvumilie kila kitu kwa jina la kuzoea. Yapo mambo ambayo kuyazoea ni kosa. Kama mpaka sasa hamjapewa barua ya makubaliano yenye kazi, muda na posho yenu ya kujikimu. Kama hamna kiongozi mnayeweza kumpigia usiku na akapokea. Kama mlango wa chumba cha wasichana haufungiki. Kama mmoja wenu ametakiwa kulipa kitu ili apewe nafasi, au mtu mwenye cheo anataka kutembelewa jioni nyumbani kwake. Kama mnaachiwa pesa za watu bila vitabu. Kama mnatumwa kwenye kesi ya ukatili peke yenu, bila mtaalamu. Lolote kati ya hayo likiwapo, usingoje wiki ya nane. Liandike, lipeleke juu ya kiongozi wenu, na mkiwa watatu mkisema pamoja ni vigumu kuwanyamazisha. Katika uliyoniandikia sijaona lolote la namna hiyo. Nimeona uchovu, upweke na hamu ya kufaa. Hayo yanapita.

Na kiongozi wenu mwendee, usimnung'unikie nyuma. Usimwambie "hatupewi kazi". Mpelekee kazi ndogo uliyoiona mwenyewe. Kwa mfano, mmetembea wiki mbili: mabomba mangapi yanavuja, na kila moja linamwaga maji upande gani? Hiyo ni orodha isiyouliza jina la mtu wala idadi ya watoto, haimtishi yeyote, na fundi wa maji ataishukuru. Mwambie nataka kuifanya kwa siku tatu, nikuletee. Sijawahi kumnyima kijana ombi la namna hiyo.

Sasa turudi kwa yule mama. Unabeba vipi jerikeni? Nakuwazia umeishika kwa mkono mmoja, mwili umeinama upande, maji yanakumwagikia suruali, na unatembea haraka ili uondoke machoni pa watu. Wao wanaweka ngata kichwani, au wanafunga mbili kwenye baiskeli kwa mpira wa kamba, na wanaziba mdomo wa jerikeni kwa kiazi au ganda la ndizi maji yasiruke. Kesho asubuhi usiende mbio. Panga foleni kama wengine, msalimie yeye kwanza, umwambie: "Mama, unanicheka kila siku, nami sijui kosa langu. Nifundishe." Atacheka tena, na wenzake watacheka. Simama hapo hapo. Atakuonyesha. Huenda akakuita mtoto, huenda akakupiga kidogo mkononi ukishika vibaya.

Halafu niandikie wiki ya sita, na uanze barua kwa kunitajia jina lake.